Picha ya droni ya pwani ya Pemba inaharibika ikipita kwenye seva ya ramani: nianzie wapi kutafuta kasoro?

Mkandaa (Chake Chake)

Assalamu alaykum. Ninahudumia ramani ya mtandaoni inayoonyesha mikoko na makaazi ya pwani ya magharibi ya Pemba, kuanzia Wesha kuteremka hadi Mkoani na Kisiwa Panza. Wanaoitumia ni masheha, kamati za misitu za shehia na walimu wa skuli mbili, na wengi wao huifungua kwa simu. Msingi wa ramani ni picha ya droni yenye pikseli ya sentimita 7, ambayo tumeiunganisha wenyewe kutokana na picha zilizopigwa kwa siku kadhaa. Juu yake kuna mipaka ya shehia kwa mstari mwekundu, majina ya vijiji, na tabaka la rangi linaloonyesha aina za uoto. Seva ni GeoServer, na ukurasa wenyewe umejengwa kwa OpenLayers.

Nikiifungua picha hiyo katika QGIS, programu ya ramani iliyo kwenye kompyuta yangu, ninaweza kuhesabu ngarawa zilizoegeshwa ufukweni. Picha hiyo hiyo ikitolewa na seva huharibika kwa namna zaidi ya moja. Nikitazama kisiwa kwa mbali, msitu unakuwa na chembechembe kama mchanga uliomwagwa, na barabara zinakatikakatika. Nikisogea karibu, pembezoni mwa majina na mistari myekundu panatokea madoadoa ya mraba, na wekundu wenyewe unavuja. Ukingoni mwa picha, pale inapoishia baharini, kuna utepe mweusi wenye vishimo. Majina ya vijiji mengine hukatwa nusu na mengine hurudiwa mara mbili au tatu. Na kwenye simu kila kitu kina ukungu, hata yale yaliyo safi kwenye kompyuta.

Nimeiongezea seva kumbukumbu, na nimepandisha ubora wa JPEG mara tatu bila ya kuona tofauti hata moja. Wiki iliyopita niliifungua ramani mbele ya kamati moja ya msitu, na mzee mmoja aliyeijua mikoko ile tangu utotoni aliniuliza kama pale anapoona ni ukungu au ni maji. Nilishindwa kumjibu, na tangu siku hiyo jambo hili limenikaa moyoni, kwa kuwa ramani ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye. Naomba mwenye uzoefu anionyeshe njia ya kulitafuta tatizo kwa mpangilio, badala ya kubahatisha mpangilio mmoja baada ya mwingine kama nilivyofanya.

Nanga (Unguja Mjini)

Waalaykumu ssalaam, ndugu Mkandaa. Swali lako lina matatizo matano, na nina shaka kwamba chanzo chake si kimoja. Kumbukumbu ya seva iache kando, kwa sababu huongeza kasi na haigusi ubora wa picha.

Ninavyoliona mimi, picha ya ramani husafiri kwa hatua: kwanza ni faili lenyewe lilivyohifadhiwa, kisha seva hulisoma na kulipunguza au kulizungusha ili litoshe eneo lililoombwa, kisha huchora mistari na majina juu yake, kisha huligeuza kuwa JPEG au PNG, kisha kigae kinachopatikana, yaani kipande kimoja cha mraba cha ramani, huwekwa kwenye hifadhi ya muda, na mwisho kivinjari hukipokea na kukitandaza kwenye kioo. Madhara yanaweza kuingia katika hatua yoyote, na hatua inayofuata haiwezi kuyaondoa. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, ijue kwanza ni hatua ipi iliyoharibu.

Naona dalili moja ambayo inanipa jibu la haraka. Umepandisha ubora wa JPEG mara tatu na hakuna kilichobadilika. Jambo hilo haliwezekani ikiwa seva kweli ilichora upya. Bila shaka ulikuwa unatazama vigae vya zamani. Kigae kilichokwisha kuhifadhiwa hakifuati mpangilio mpya hadi kifutwe, na hata ukikifuta kwenye seva, kivinjari nacho huwa na nakala yake. Fuatilia hilo mwanzo, maana mtu anaweza kupoteza juma zima akirekebisha vitu ambavyo vimekwisha kurekebishika, na vilevile akavuruga kilichokuwa sawa kwa kudhani hakikufaa.

Baada ya hapo fanya jaribio moja. Mwombe seva picha moja tu, kwa ombi la kawaida la WMS (njia ya kuiomba seva picha ya eneo lolote la ramani) lisilopita kwenye hifadhi ya vigae, katika umbo la PNG ya rangi kamili, kwa eneo dogo ambalo pikseli moja ya jibu ni sawa na pikseli moja ya faili. Kwa picha ya sentimita 7, picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 inafunika mita 70 kwa 70. Chagua mahali penye mapaa ya mabati, mikoko na maji. Kisha ombe eneo lile lile kwa JPEG, na mwisho ombe eneo kubwa zaidi mara mia moja kwa PNG. Ukiziweka picha hizo tatu kando ya ile ya QGIS, zitakuambia mengi kuliko sisi sote hapa. Pia tuandikie faili linasemaje juu yake lenyewe kupitia programu ya gdalinfo, mojawapo ya zana za GDAL za kushughulikia picha za ramani: mfumo wake wa majira (namna ya kuhesabu mahali), namna lilivyobanwa, kama lina piramidi (nakala ndogo za picha ndani yake), na thamani ya mahali pasipo na data.

Mkandaa (Chake Chake)

Nimefanya kama ulivyonielekeza, na ninashukuru kwa subira yako. Ni kweli kuhusu vigae: nilipofuta hifadhi ya seva na kufungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, mabadiliko yangu ya juma lililopita yakajitokeza yote kwa pamoja.

Picha ya PNG ya eneo dogo ni safi kabisa, inakaribia kulingana na ya QGIS. Ya JPEG ina madoadoa pembeni mwa majina, ingawa yamepungua. Ya eneo kubwa ina chembechembe zile zile ijapokuwa ni PNG. Faili liko katika EPSG:3857, gridi ya ramani za mtandaoni. Lilitoka katika EPSG:32737, yaani gridi ya UTM kanda ya 37 kusini, na nililigeuza mwenyewe kwa gdalwarp, zana ya GDAL ya kugeuza majira, bila ya kutaja njia yoyote ya kukadiria pikseli. Limebanwa kwa JPEG ndani ya TIFF, halina piramidi hata moja, na thamani ya mahali pasipo na data ni 0.

Nanga (Unguja Mjini)

Sasa tuna ardhi ya kusimamia. Nianze na chembechembe, kwa kuwa ndilo kosa kubwa na wengi hulipata bila ya kujua jina lake.

Katika gridi ya kawaida ya ramani za mtandaoni, ngazi ya 12 ya ukuzaji ina pikseli ya takriban mita 38. Picha yako ina pikseli ya sentimita 7. Hivyo pikseli moja ya kioo inabeba karibu pikseli 300,000 za faili lako. GeoServer isipoambiwa vinginevyo hutumia njia ya jirani wa karibu: huchukua pikseli moja kati ya hizo laki tatu na kuziacha nyingine zote. Pikseli iliyochukuliwa inaweza kuwa jani linalong'aa, na ya jirani yake ikawa kivuli cha mkoko. Ndiyo maana msitu wako una mchanga, na ndiyo maana barabara nyembamba inaonekana pale tu bahati ilipoiangukia.

Watu wengi hukimbilia kubadilisha njia ya kukadiria iwe bailinia au baikubiki wakidhani ndiyo dawa. Hapa inasaidia kidogo sana, kwa sababu bailinia hutazama pikseli nne na baikubiki kumi na sita. Nne au kumi na sita kati ya laki tatu bado ni tone. Dawa ni piramidi, yaani nakala ndogo za picha ndani ya faili lile lile, kila moja ikiwa nusu ya iliyotangulia kwa upana na kwa urefu, na kila pikseli yake ikiwa ni wastani wa zile ilizotokana nazo. Seva ikiombwa ngazi ya 12 huchukua nakala iliyo karibu na mita 38, na hapo bailinia inatosha kumalizia tofauti ndogo iliyobaki. Amri ni hii:

gdaladdo -r average pwani.tif 2 4 8 16 32 64 128 256 512

Nimefika 512 kwa makusudi, maana 512 mara sentimita 7 ni takriban mita 36. Usiache neno la average, kwa sababu gdaladdo isipoelekezwa hutumia nayo jirani wa karibu, na utakuwa umeujenga mchanga ule ule ndani ya faili. Piramidi yote huongeza ukubwa wa faili kwa takriban theluthi moja, na seva yako itapata kasi ambayo hukuipata kwa kuongeza kumbukumbu.

Hata hivyo, usiiendeshe amri hiyo kwenye faili ulilonalo. Gdalwarp nayo, isipoambiwa, hutumia jirani wa karibu. Pemba iko mashariki ya mstari wa kati wa kanda ya 37, ambao ni longitudo 39, kwa hiyo gridi ya UTM imejipinda kidogo ikilinganishwa na ile ya mtandaoni, chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Upindaji huo ni mdogo, lakini kwa jirani wa karibu unaufanya mstari mrefu ulionyooka, kama gati au barabara ya lami, uwe na kidaraja kila baada ya pikseli mia nane na ushei. Hili ni jambo dogo kwa macho ya wengi, lakini limekwisha kuandikwa ndani ya faili na hakuna mpangilio wa seva utakaoliondoa. Isitoshe, umebana kwa JPEG mara moja ndani ya TIFF na seva inabana tena mara ya pili wakati wa kutoa kigae. Rudi kwenye picha asili ya EPSG:32737 kama bado unayo, igeuze kwa njia ya kyubiki (ndiyo ile baikubiki), na ukibana, ubora usiwe chini ya 85. Kiwango ambacho GDAL hukitumia isipoambiwa ni 75.

Binti Mkoani (Mkoani)

Naomba niingie kwenye suala la madoadoa na wekundu unaovuja, kwa kuwa nimelihangaikia muda mrefu katika ramani ya mashamba ya mikarafuu.

JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kuitunza kwa ukadiriaji wa mawimbi. Kwa mikoko, mchanga na maji njia hiyo inafaa sana, kwa sababu rangi hubadilika polepole na jicho halioni kilichopotea. Kwa herufi nyeusi juu ya nyeupe, au mstari mwembamba mwekundu juu ya kijani, mabadiliko ni ya ghafla, na makosa hutapakaa katika mraba mzima. Ndiyo madoadoa uyaonayo. Juu ya hayo, JPEG nyingi hutunza mwanga kwa ukamilifu lakini hutunza rangi kwa nusu tu ya upana na nusu ya urefu. Mstari mwekundu wa pikseli mbili hauwezi kubaki mwekundu safi katika hali hiyo, hata ukipandisha ubora, na kuupandisha hadi 100 kunakuongezea uzito wa kigae bila ya kuumaliza uvujaji huo.

Kwa hiyo tenganisha. Picha ya droni itoke peke yake kama JPEG. Mipaka na majina yatoke kama tabaka la pili, katika PNG yenye uwazi, na OpenLayers iyapandanishe kwenye kivinjari. Kigae cha PNG kilicho na mistari michache na sehemu kubwa tupu ni chepesi sana, mara nyingi kilobaiti chache tu, kwa hiyo watumiaji wako hawatalipia bando kubwa kwa utengano huo. Ukitaka kubaki na tabaka moja, GeoServer ina umbo linaloitwa image/vnd.jpeg-png, ambalo huchagua JPEG kwa kigae kilichojaa na PNG kwa kigae chenye uwazi. Linafaa kwa ukingo wa picha, lakini halikusaidii kwa maandishi yaliyo katikati ya picha.

Nikutahadharishe pia juu ya jambo ambalo mwenzetu mmoja alilifanya kwa nia njema ya kupunguza uzito: aliitoa picha ya droni kama PNG ya rangi 256. Nchi kavu ilionekana ya kuridhisha, lakini bahari iliyokuwa ikififia kutoka kijani cha kina kifupi hadi buluu ya mkondo iligeuka kuwa ngazi zenye mipaka, na mvuvi mmoja alizidhania kuwa ni mistari ya kina cha maji. Kosa kama hilo ni baya kuliko ukungu, maana ukungu mtu huutilia shaka. PNG ya rangi 256 iwekee mipaka ya shehia na majina, ambako rangi ni chache, na hapo ni nzuri kabisa.

Dira ya Wete (Wete)

Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa kwa jambo moja ambalo nimeliona linasemwa mara nyingi, na ambalo ndugu Mkandaa anaweza kulichukua kwa haraka: kwamba bailinia au baikubiki iwekwe kwa seva yote. Hapana. Ana tabaka la aina za uoto. Kama tabaka hilo ni rasta ya namba, yaani picha ambayo kila pikseli yake ni namba ya aina, ambapo 3 ni mikoko, 5 ni shamba na 7 ni maji, basi wastani wa mikoko na maji ni shamba. Ukingo wa kila msitu wa mikoko utazungukwa na utepe mwembamba wa mashamba yasiyokuwepo, na kamati itauliza nani kalima baharini. Tabaka la namna hiyo lazima libaki na jirani wa karibu, na piramidi yake ijengwe kwa njia ya mode, ambayo huchukua thamani iliyo nyingi zaidi, wala isijengwe kwa average. Katika GeoServer njia ya kukadiria inaweza kuwekwa kwa kila tabaka peke yake; katika MapServer, ambayo ni seva nyingine ya ramani, huandikwa ndani ya tabaka husika kwa PROCESSING "RESAMPLE=BILINEAR". Hakuna sababu ya kulazimisha moja kwa zote.

Sasa utepe mweusi. Umesema thamani ya mahali pasipo na data ni 0, na faili limebanwa kwa JPEG. Mambo mawili hayo hayakai pamoja. JPEG haihifadhi thamani kwa uhakika; penye 0 inaweza kurudisha 1, 2 au 4. Seva inaondoa 0 peke yake, na zile 1, 2 na 4 zinabaki kama weusi unaoonekana. Vishimo ndani ya utepe ni zile pikseli chache zilizobahatika kubaki 0. Kuna hatari nyingine inayokwenda kinyume: kivuli kizito chini ya mkoko kinaweza kuwa 0 halali, na hapo seva hutoboa tundu katikati ya msitu. Achana na thamani ya 0 kabisa. Unapogeuza picha kwa gdalwarp, omba chaneli ya uwazi kwa -dstalpha, na ukibana kwa JPEG hifadhi uwazi huo kama barakoa iliyo kando, ambayo hubanwa bila ya kupoteza kitu. Kwa faili ambalo asili yake imekwisha kupotea, programu ya nearblack hutafuta weusi wa ukingoni, yaani ule ulioungana na nje ya picha, na kuutengenezea barakoa bila ya kugusa vivuli vilivyo ndani.

Majina nayo yana sababu yake. Seva inapochora kigae cha pikseli 256 haijui kinachochorwa kwenye kigae cha jirani. Shehia kubwa iliyomo ndani ya vigae sita inaweza kuandikwa jina mara sita, kila mara katikati ya kipande kinachoonekana. Kwa kawaida GeoServer huchora vigae kumi na sita kwa pamoja, vinne kwa vinne, kisha huvikata. Kwa hivyo urudiaji hupungua lakini hauishi, na hujitokeza kila baada ya pikseli 1,024. Unaweza kuongeza ukubwa wa kundi hilo, na unaweza kuongeza ukingo wa ziada unaochorwa na kutupwa ili alama zisikatwe mpakani. Mimi nimeishia kwenye suluhisho rahisi zaidi, nalo ni kutengeneza tabaka la nukta, nukta moja kwa kila kijiji na kila shehia, nikaziweka kwa mkono mahali ambapo wenyeji wenyewe wangesema ndipo penyewe. Kisha tabaka hilo la majina nikaliomba kama picha moja ya kioo kizima badala ya vigae. Majina hayarudiwi wala hayakatwi. Na kuna faida nyingine: Kojani ni shehia na ni kisiwa, na hesabu ya kompyuta ya kitovu cha poligoni (umbo la eneo lililozungushiwa mpaka) mara nyingine huliangusha jina la kisiwa majini.

Mkandaa (Chake Chake)

Nimechukua siku nne kabla ya kurudi kwa kuwa picha asili ilikuwa kwenye diski iliyohifadhiwa Unguja na ilibidi niisubiri boti. Nimeigeuza upya kwa kyubiki na uwazi, nimeibana kwa ubora wa 85, nimejenga piramidi hadi 512, nimetenga mipaka na majina, na tabaka la uoto nimeliacha kwenye jirani wa karibu. Ni kweli lilikuwa rasta ya namba, na kwa mshtuko wangu, nilipolikagua nikaona kwamba nilikwisha kuliwekea bailinia pamoja na mengine; utepe wa mashamba baharini ulikuwepo na sikuwa nimeutambua. Dira, Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa onyo lile.

Chembechembe zimekwisha. Kwa mara ya kwanza ninaona kutoka mbali jinsi mikoko inavyoufuata mkono wa bahari kuingia ndani. Utepe mweusi umetoweka. Majina ninaendelea kuyawekea nukta pamoja na sheha mmoja.

Yamebaki mawili. Simu bado zina ukungu. Na sasa baada ya picha kuwa safi ninaona mshono ulionyooka katikati ya ghuba, upande mmoja maji ni buluu na upande wa pili ni kahawia. Nimejaribu kila mpangilio wa rangi kwenye seva bila ya mafanikio.

Binti Mkoani (Mkoani)

Kuhusu simu: kioo cha simu nyingi za leo kina pikseli halisi mbili au tatu kwa kila pikseli moja ambayo ukurasa unaihesabu. Kigae cha 256 hutandazwa juu ya pikseli 512 au 768, na ukungu unaouona ni wa kunyoosha tu. Dawa ni kuiomba seva picha kubwa zaidi kwa eneo lile lile. OpenLayers hufanya hivyo yenyewe kwa tabaka la WMS ukiiambia aina ya seva katika kipengele cha serverType. Itaituma GeoServer pia kiwango cha nukta kwa inchi, ili herufi na mistari ikue sambamba na picha badala ya kubaki midogo isiyosomeka. Kwa anayetumia Leaflet badala ya OpenLayers, kipengele cha detectRetina kipo kwa kazi hiyo.

Lakini pikseli mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu ni pikseli mara nne, na mtu wa Kisiwa Panza mwenye bando dogo na mtandao wa kubahatisha ataisubiri ramani mpaka aiache. Mimi nilichagua hivi: majina na mipaka hutoka kwa ukubwa kamili wa kioo, kwa sababu PNG zake ni nyepesi na herufi ndizo jicho hulalamikia kwanza, picha ya droni naiacha kwenye 256. Watumiaji waliniambia picha imekuwa kali, ilhali picha yenyewe sikuigusa.

Angalia na jambo jingine dogo. Mtu anapovuta ramani kwa vidole viwili, OpenLayers huruhusu asimame kati ya ngazi mbili, kama 17.4, na vigae hunyooshwa kufika hapo. Ukiweka constrainResolution kuwa kweli, ramani hutulia kwenye ngazi kamili. Na usiruhusu kupita ngazi ya 21, ambayo pikseli yake ni sentimita 7.5 hivi. Ya 22 ni sentimita 3.7, na picha yako haina kitu cha kuonyesha hapo.

Nanga (Unguja Mjini)

Mshono wa ghuba hauko kwenye seva, ndugu yangu, na ningekuomba usiendelee kuutafuta huko. Ulisema picha zilipigwa kwa siku kadhaa. Tazama tarehe za kuruka upande wa buluu na upande wa kahawia, kisha tazama kalenda ya maji. Ninadhani utakuta upande mmoja uliruka maji yakiwa yamejaa na mwingine wakati wa bamvua maji yakiwa yametoka, na ile kahawia ni tope la chini ya mikoko linaloonekana kweli. Wale waliofuatilia kazi ya kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni iliyoanza 2016, ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki, wanajua kwamba kisiwa kizima hakirukwi kwa siku moja, na bahari haikusubiri umalize.

Programu ya kuunganisha picha inaweza kusawazisha mwangaza wa jua kati ya siku mbili, lakini haiwezi kusawazisha maji yaliyopo na maji yasiyokuwepo. Unachoweza kufanya wakati wa kuunganisha ni kuusogeza mshono ufuate mkondo au ukingo wa msitu badala ya kukata ghuba kwa mstari ulionyooka. Na kama utaruka tena, panga siku zote za ghuba moja ziangukie kwenye hali moja ya maji. Kwa kazi ya mikoko ningependelea maji yaliyotoka, kwa sababu mizizi na miche michanga huonekana.

Kwa sasa ongeza tabaka dogo la poligoni linaloonyesha kila kipande kilipigwa tarehe gani na saa ngapi, na mtu akigusa ghuba aone maandishi hayo.

Mkandaa (Chake Chake)

Nimeangalia tarehe. Upande wa buluu ulirukwa saa nne asubuhi maji yakiwa yanajaa, na ule wa kahawia siku sita baadaye, bamvua, maji yakiwa nje kabisa. Tabaka la tarehe limekwisha kuwekwa. Nimempelekea yule mzee simu akiwa kwake, akaigusa ile ghuba, akasoma saa, akaniambia pale penye kahawia ndipo wanawake huchokoa chaza.